Je, Wajua? Familia 24 Chini ya Paa la Kiwanda

Je, wajua kwamba David Livingstone, mmisionari ambaye maiti yake ilibebwa na wasaidizi wake, akina Chuma na Susi, hadi Bagamoyo, alizaliwa katika nyumba ya kiwanda? Ilikuwa tarehe 19 Machi 1813, katika jengo refu la mawe lililoko Blantyre, ukingoni mwa mto Clyde, kusini mashariki mwa jiji la Glasgow huko Uskoti. Jengo hilo huitwa Shuttle Row na hadi leo limesimama, jeupe, na minara yake miwili ya ngazi za mzunguko imetokeza ukutani. Wageni wengi hufika pale kumtafuta mtu mmoja, na majirani zake hawaulizwi sana. Lakini chini ya paa lile waliishi watu wa familia 24, kila familia na chumba chake, na riziki ya jengo zima ilitoka mlango mmoja. Mwenye kiwanda cha pamba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na shule ya watoto ilikuwa yake pia. Aliyegombana na msimamizi wake asubuhi alikuwa na sababu ya kuhofia mahali pa kulala jioni.

Chumba cha futi 14 kwa 10

Chumba cha akina Livingstone kilikuwa na urefu wa futi 14 na upana wa futi 10, yaani kama mita 4.3 kwa 3. Ni kama chumba kimoja cha kupanga Manzese, ila hapa hakuna uani wala kibaraza cha kukimbilia, na nje kuna baridi ya Uskoti. Baba, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai aliyezunguka vijijini, mtu wa dini aliyependa kusoma. Mama, Agnes Hunter, alizaa watoto saba. Wawili walifariki wakiwa wachanga, wakabaki watano. Kwa hiyo watu saba walipika, walikula, walifua, waliugua na kulala ndani ya kuta nne zilezile.

Walijipangaje? Siri ilikuwa kitanda. Nyumba za aina hii Uskoti zilijengwa na shimo kubwa ukutani, na kitanda kikaingizwa humo kama rafu. Chini yake kilisukumwa kitanda kingine kifupi chenye magurudumu. Mchana hakionekani, usiku kinavutwa katikati ya chumba na watoto wanalala safu. Meko moja ndiyo iliyopika chakula na kupasha chumba joto. Maji ya bomba hayakuwamo vyumbani: ndoo zilipandishwa kwa mikono kwenye zile ngazi za mzunguko, na maji machafu nayo yakateremshwa. Ukizitazama ngazi zile kwa jicho la mtu aliyewahi kubeba ndoo ghorofani, uzuri wa minara unapungua kidogo.

Wala usidhani Blantyre ilikuwa mahali pabaya kupita kwingine. Sensa ya Uskoti ya mwaka 1861 ilionyesha kwamba nyumba za chumba kimoja tu zilikuwa kama theluthi moja ya nyumba zote za nchi. Na katika hizo, karibu 8,000 hazikuwa na dirisha hata moja. Chumba cha Shuttle Row kilikuwa na dirisha. Kwa kipimo cha wakati ule, wapangaji wake hawakuwa watu wa kuhurumiwa sana.

Kwa nini tajiri ajenge nyumba za wafanyakazi?

Jibu la haraka ni huruma, na wako matajiri waliopenda jibu hilo lisambae. Jibu la kweli ni maji. Mashine nyingi za mwanzo za kusokota pamba viwandani zilizungushwa na gurudumu la maji, na gurudumu linataka mto unaoshuka kwa kasi. Mito ya namna hiyo iko kwenye mabonde na miamba, mahali ambapo hata duka hakuna, sembuse watu mia tano wa kuajiri. Kiwanda kikiwafuata watu mjini, kinakosa nguvu. Kikiyafuata maji bondeni, kinakosa watu. Basi ikabidi watu waletwe, na aliyeletwa lazima alale mahali.

Aliyeanzisha mtindo huu kwa kishindo ni Mwingereza Richard Arkwright, kinyozi na mtengeneza nywele za bandia aliyegeuka kuwa mwenye viwanda. Mwaka 1771 alianza kujenga kiwanda chake Cromford, wilaya ya Derbyshire. Mwaka 1776 akajenga mtaa wa North Street: nyumba za mawe za ghorofa tatu, zimeunganishwa kuta kwa kuta pande zote mbili za njia. Ghorofa ya juu ndiyo yenye maajabu. Iliwekewa madirisha marefu ili mwanga uingie, kwa sababu haikuwa ya kulala. Baba wa nyumba alikaa huko juu akifuma kwa mikono, huku mke na watoto wakishuka kwenda kusokota nyuzi kiwandani. Arkwright alipotangaza nafasi za kazi alitafuta hasa wafumaji wenye watoto wengi. Nyumba moja, mkataba mmoja, na ukoo mzima umeshaajiriwa.

Mwaka 1784 Arkwright alizuru Uskoti, na huko akakutana na David Dale, mfanyabiashara wa Glasgow aliyeanza maisha kama mfumaji na kuishia kuwa mwakilishi wa benki. Wakapelekwa kuona maporomoko ya mto Clyde. Mwaka uliofuata Dale akaanza kujenga New Lanark chini ya maporomoko yale, na mwaka huohuo wa 1785, akishirikiana na James Monteith, akaanzisha kiwanda cha Blantyre kwenye mto uleule, mbele zaidi unakoelekea. Maji yaliyokwisha kuzungusha magurudumu ya New Lanark yaliteremka taratibu mpaka Blantyre na kutiwa kazini tena.

Walioletwa na dhoruba

Kupata mashine kulikuwa rahisi kuliko kupata watu. Mkulima wa Uskoti hakupenda kufungiwa ndani siku nzima kwa mlio wa kengele. Dale alihangaika mpaka mwaka 1791, pale meli ya wahamiaji kutoka kisiwa cha Skye, waliokuwa wanaelekea Marekani, iliposukumwa na dhoruba na kulazimika kuingia bandari ya Greenock. Meli yenyewe iliitwa Fortune, yaani bahati, na kila mtu aamue ilikuwa bahati ya nani. Dale aliwapelekea ujumbe: kazi ipo, nyumba ipo. Wengi waliteremka na hawakupanda tena. Hadi leo New Lanark kuna safu ya nyumba iliyopinda kufuata njia, iitwayo Caithness Row, kwa jina la wilaya ya kaskazini ambako wafanyakazi wengine wa nyanda za juu walitoka.

Babu yake Livingstone naye alikuwa wa kundi la namna hii. Mwaka 1792 alihama kisiwa kidogo cha Ulva, ambako ardhi haikumtosha kulisha watoto, akaja kutafuta kazi Blantyre. Kwa hiyo ukoo ambao wengi tunauhesabu kuwa wa wazungu wasafiri ulianza safari zake kama ukoo wa wahamaji wa njaa.

Kulikuwa na kundi jingine, na hili halikuombwa idhini. Dale alichukua watoto yatima na maskini kutoka nyumba za hifadhi za Glasgow na Edinburgh, wengine wakiwa na miaka sita tu. Robert Owen, mkwewe, alikuta karibu watoto 500 wa aina hiyo alipopokea kiwanda cha New Lanark. Walilala ndani ya jengo mojawapo la kiwanda, wakavishwa na kulishwa vizuri kwa kipimo cha siku zile, wakafanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, kisha wakapelekwa shule. Dale alisifiwa sana kwa wema. Mimi naona alistahili sifa ya sahani ya chakula na shuka safi. Ya saa za kazi, hapana.

Mtoto wa kuunga nyuzi

David Livingstone aliingia kiwandani mwaka 1823, akiwa na miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi. Mashine ya kusokota ilivuta mamia ya nyuzi kwa wakati mmoja, na uzi wa pamba hukatika ovyo. Mtoto alizunguka mbele ya mashine, akitazama uzi upi umekatika, anaruka kuukamata, anaupindapinda kwa vidole na kuuunganisha, mashine ikiendelea kwenda. Kwa nini mtoto? Kwa sababu vidole vyake ni vyembamba, mgongo wake unapinda kwa urahisi chini ya nyuzi, na ujira wake ni mdogo. Hewa ndani ilikuwa ya joto na unyevu, kwa makusudi, maana pamba kavu hukatika zaidi.

Zamu ilianza saa 12 asubuhi na kwisha saa 2 usiku, pamoja na mapumziko ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Je, haikuwa kinyume cha sheria? Sheria ya mwaka 1819 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa kwenye viwanda vya pamba, na kwa wale wa miaka 9 hadi 16 iliweka kikomo cha saa 12 kwa siku, bila kuhesabu muda wa kula. Toa muda wa chakula kwenye zile saa 14, unaona hesabu inakaribia kutimia. Isitoshe, wakaguzi wa serikali hawakuwapo mpaka sheria ya 1833.

Baada ya saa 2 usiku, kiwanda kilitoa mwalimu mpaka saa 4. Watoto wengi walikuwa wamechoka mno na hawakwenda. Livingstone alikwenda, akarudi chumbani, akaendelea kusoma mpaka saa 6 usiku au zaidi, hadi mama yake alipomnyang'anya kitabu. Sehemu ya mshahara wake wa wiki ya kwanza aliinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Huku kiwandani alikiegemeza kitabu kwenye fremu ya mashine, na kila alipopita akifuata nyuzi alidaka sentensi moja, akaenda nayo mpaka mwisho wa mashine, akarudi kudaka nyingine. Haya aliyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1857, na hakuyasimulia kwa kulalamika.

Hapo ndipo wasifu wake hupewa mafunzo ya kila namna kuhusu bidii. Sawa. Lakini kwenye jengo lile kulikuwa na watoto wa familia nyingine 23 waliounga nyuzi zilezile kwa saa zilezile, na kitu cha kawaida kwa mtoto aliyesimama saa 14 ni kulala.

Akiwa na miaka 19 alipandishwa kuwa msokotaji kamili, kazi nzito yenye ujira mzuri zaidi. Mwaka 1836 alianza kusoma udaktari Glasgow wakati wa baridi, na kiangazi akarudi kiwandani kutafuta ada. Daktari aliyekuja kupita Zanzibar, Ujiji na Tabora alisomeshwa na pamba.

Na pamba ilitoka wapi?

Uskoti hakuoti pamba. Marobota yaliyoshushwa Glasgow yalitoka visiwa vya Karibi, na kufikia miaka ya utoto wa Livingstone sehemu kubwa ya pamba ya Uingereza ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani. Kote huko ililimwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Mtoto wa Blantyre aliyeunga uzi saa 2 usiku alikuwa akishika kitu kilichopita kwanza mikononi mwa mtumwa. Mishahara ya Shuttle Row, shule ya usiku, hata kile kitabu cha Kilatini, vyote vilitokana na mlolongo huo.

Livingstone aliijua hesabu hii vizuri kuliko wamisionari wengine wengi, kwa kuwa alikuwa fundi wa pamba. Safari yake ya Zambezi ya miaka 1858 hadi 1864 ilikuwa na shabaha mojawapo ya kutafuta mahali pa kulima pamba kwa wakulima huru, hasa nyanda za juu za mto Shire katika Malawi ya leo, ili viwanda vya Uingereza viachane na pamba ya watumwa. Mpango ulishindikana. Mto ulikuwa na maporomoko, homa iliua watu, akiwamo mkewe Mary, na biashara ya utumwa iliendelea kufuata njia zilezile alizozichora. Ni katika safari hiyo, Julai 1861, ndipo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma alipokombolewa kutoka msafara wa watumwa.

Huku pwani yetu, wakati huohuo, pamba ilikuwa fedha. Kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, merikani, kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Doti za merikani zilinunua chakula, zililipa wapagazi, zilitoa hongo kwa watawala wa njiani. Nako kulikotoka merikani mambo ya nyumba yalikuwa yaleyale: katika mji wa Lowell, wasichana wa mashambani walioendesha mitambo walilazwa kwenye mabweni ya kampuni, na mlango ulifungwa saa 4 usiku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi.

Kejeli kubwa ilimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Alifika hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar, akakuta aliyekabidhiwa mzigo ameshauuza wote. Msokotaji wa zamani wa Blantyre alikuwa hana kitambaa cha kununulia chakula. Ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alipotokea, na nyuma yake wapagazi wenye mizigo ya nguo na shanga.

Shajara ya wino wa zingefuri

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka huohuo wa 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, katika Kongo ya leo, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu la London, toleo la Novemba 1869, akaligeuza ubavu na kuandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, mistari ikikatana. Wino akautengeneza kwa zingefuri, ile rangi nyekundu ya mbegu ambayo wenyeji walitia nguo zao. Tarehe 15 Julai alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara wa watumwa, akayaandika kwa wino huo.

Wino wa zingefuri hufifia haraka. Karatasi zile zilizokunjika zilisafiri mpaka Uskoti, na nyingi zikahifadhiwa hukohuko Blantyre, kwenye makumbusho ya alikozaliwa, zikiwa karibu hazisomeki kabisa. Kwa zaidi ya miaka 130 watu walisoma tu simulizi iliyosafishwa, ile aliyoinakili mwenyewe baadaye na kuchapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Chuma na Susi ndio waliosaidia kuipanga. Waliletwa Uingereza kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone aliyetajirika kwa mafuta ya taa. Kisha wanasayansi wakazipiga karatasi picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, na kompyuta ikatenganisha zingefuri na wino wa gazeti. Matokeo yalitolewa hadharani mwaka 2011. Yaliyosomeka yalikuwa makali na yenye mashaka zaidi kuliko kitabu, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Jengo lilivyoponea chupuchupu

Kiwanda cha Blantyre kilifungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mvuke ulikuwa umeshavipeleka viwanda mijini, karibu na makaa ya mawe na reli, na bonde halikuwa na faida tena. Nyumba za kijiji zilichakaa, nyingi zikabomolewa, na Shuttle Row yenyewe ikafikia hali ya kuvunjwa. Mchungaji James Macnair aliongoza harakati za kuinusuru. Fedha zilichangwa na umma, yakiwamo makanisa na watoto wa shule za Jumapili, na mbunifu Frank Mears akalikarabati jengo. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1929. Mchongaji Charles Pilkington Jackson alitengeneza sanamu za rangi zinazosimulia maisha ya Livingstone kwa mtindo wa mashujaa wa enzi ile: Mzungu mbele, Waafrika nyuma.

Kwa hiyo vyumba vya familia 24 viliokolewa kwa heshima ya mtoto wa chumba kimoja. Si haki sana, ila ndivyo majengo ya watu wa kawaida yanavyopona duniani kote: lazima mmoja wao awe maarufu.

Je, wajua kwamba uwanjani pale kuna sanamu ya shaba ya simba akimrukia Livingstone, na kwamba aliyeibuni ni bingwa wa filamu? Ni Ray Harryhausen, Mmarekani aliyetengeneza madubwana na mifupa inayopigana kwa panga katika sinema za zamani. Mkewe, Diana Livingstone Bruce, alikuwa kitukuu wa Livingstone. Sanamu ilizinduliwa mwaka 2004. Tukio lenyewe ni la kweli: mwaka 1844, Mabotsa, kusini mwa Afrika, simba alimvunja Livingstone mfupa wa mkono wa kushoto, na akaokolewa na Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa naye. Mfupa ulipona vibaya. Miaka 30 baadaye, mwili ulipofika London baada ya safari ya kutoka Chitambo, alikofariki, hadi Bagamoyo na kuvuka bahari, daktari alipapasa mkono ule, akakuta pale palipoungia vibaya, akathibitisha kwamba ndiye. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Jina la kijiji nalo lilihama. Mwaka 1876 wamisionari wa Uskoti walianzisha kituo katika nyanda za Shire na kukiita Blantyre. Leo Blantyre ya Malawi ni jiji kubwa la biashara, na ile ya Uskoti ni mji mdogo ambao treni ya Glasgow husimama na kuendelea na safari zake. Makumbusho ya Shuttle Row yalifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2021, safari hii Chuma, Susi na wenzao wakipewa nafasi kubwa kuliko ya kubeba mizigo nyuma ya picha.

Wawinda kunguni wa New Lanark

Turudi juu ya mto, maana huko kijiji kizima kimebaki na kinakaliwa. Robert Owen na wenzake walinunua New Lanark mwaka 1799 kwa paundi 60,000. Alimwoa Caroline, binti wa Dale, mwaka huohuo, na miaka ya mwanzo walikaa katikati ya kijiji, katika nyumba ya mawe yenye bustani iliyotazamana na safu za wafanyakazi. Tajiri aliweza kuona dirishani nani amechelewa.

Owen alikuwa mtu wa ajabu. Aliacha kupokea yatima, akakataza watoto wa chini ya miaka 10 kiwandani, na kufikia mwaka 1816 siku ya kazi ilikuwa chini ya saa 11. Kumbuka kwamba Livingstone alianza saa zake 14 miaka saba baadaye, kwenye mto uleule. Alifungua shule ya watoto wadogo yenye nyimbo, dansi na picha kubwa za wanyama. Duka la kijiji lilinunua bidhaa kwa jumla na kuuza kwa bei nafuu, faida ikagharimia shule. Wana ushirika wa mji wa Rochdale, Uingereza, wa mwaka 1844 walijifunza kwake, na vyama vya ushirika tunavyovijua Kilimanjaro na Kagera vina damu ya huko. Kati ya 1815 na 1825 wageni kama 20,000 walikuja kushangaa, akiwamo mwana wa mfalme wa Urusi aliyekuja kuwa Tsar Nicholas I.

Lakini mkono wake ulifika mbali. Mbele ya kila mfanyakazi kulining'inizwa kipande cha mbao chenye pande nne za rangi: nyeusi ni mwenendo mbaya, bluu wa wastani, njano mzuri, nyeupe bora kabisa. Kila asubuhi msimamizi aligeuza upande unaoonyesha ulivyofanya jana, na Owen alipita akitazama bila kusema neno. Jioni, wakati wa baridi, hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje baada ya saa 4 na nusu. Na kila wiki kamati iliingia majumbani kukagua usafi, kufunua vitanda, kutazama pembe. Wanawake wa kijiji waliwaita wakaguzi hao wawinda kunguni, na wengine waliwafungia mlango. Kwenye chumba kimoja cha watu wanane, mlango uliofungwa ulikuwa kitu pekee ambacho mwanamke angeweza kukiita chake.

Mtindo haukufa na Owen. Mwaka 1898 kiwanda kilianza kuzalisha umeme kwa nguvu ya mto, kikawapa wapangaji taa bila malipo. Bure kweli, ila swichi kuu ilikaa kiwandani: saa 4 usiku kijiji chote kilizimwa, Jumamosi saa 5, uwe umemaliza kushona au hujamaliza. Maji ya bomba yaliingia majumbani mwaka 1933, na vyoo vya nje vikahamishiwa ndani mwaka huohuo. Swichi iliendelea kutawala hadi mwaka 1955, New Lanark ilipounganishwa na gridi ya taifa na kila nyumba ikaanza kulipa bili yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 1968. UNESCO ilikiandika kijiji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kiwanda kimoja sasa ni hoteli, na kwenye safu za mawe bado wamo wapangaji wanaolipa kodi kila mwezi.